Kuiga rota ya mtambo wa upepo pale kasi inapobadilika kwa kimo: njia mbili zinanipa majibu tofauti

Chamwino aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi.

Ninasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma. Utafiti wangu unahusu namna rota ya mtambo mkubwa wa upepo ingefanya kazi kwenye nyanda za kati, hasa ukanda ulio kati ya Manyoni na Singida, ambako upepo wa kiangazi huvuma kwa nguvu na ardhi ni wazi kwa sehemu kubwa. Kwa kuwa watengenezaji hawatoi umbo kamili la mapanga yao, ninatumia mtambo wa rejea wa megawati 5 ambao maabara ya NREL ya Marekani iliuchapisha mwaka 2009 na ambao vipimo vyake viko wazi kwa kila mtu: una mapanga matatu, kipenyo cha rota ni mita 126, kitovu kiko mita 90 juu ya ardhi, na nguvu kamili hufikiwa upepo unapokuwa mita 11.4 kwa sekunde.

Kwa vipimo hivyo, ncha ya panga iko mita 153 juu ya ardhi inapokuwa juu kabisa, na mita 27 inapokuwa chini kabisa. Nimetumia kanuni ya kipeo, ambayo husema kwamba kasi katika kimo fulani ni kasi ya kwenye kitovu ikizidishwa kwa uwiano wa vimo hivyo viwili uliopandishwa kwenye kipeo. Nikiweka kipeo cha 0.2, ambacho ndicho kilichomo katika kiwango cha kimataifa cha IEC 61400-1, upepo wa mita 8 kwa sekunde kwenye kitovu unakuwa mita 8.9 kwenye ncha ya juu na mita 6.3 kwenye ncha ya chini. Nikiweka 0.4, unakuwa 9.9 juu na 4.9 chini, maana yake ni kwamba katika kila mzunguko ncha ya panga hupita kwenye upepo mmoja ambao ni mara mbili ya mwingine.

Nimeanza na programu ya OpenFAST, inayotumia nadharia ya elementi za panga na momenta, yaani panga hukatwa vipande na nguvu ya kila kipande husawazishwa na upungufu wa mwendo wa hewa. Baadaye nikajenga mfano wa pili katika OpenFOAM, programu ya kuiga mwendo wa hewa, ambamo mapanga huwakilishwa kwa mistari ya nguvu inayozunguka ndani ya gridi ya hewa. Yamejitokeza mambo matatu ambayo yananitatiza. La kwanza, wastani wa nguvu ya umeme karibu haubadiliki niwekapo kipeo chochote, ilhali nilitarajia badiliko kubwa. La pili, momenti ya kupinda kwenye shina la panga hupanda na kushuka kila mzunguko kama inavyopasa, lakini ukubwa wa mpando huo si sawa katika programu hizi mbili. La tatu, katika OpenFOAM upepo ninaouingiza kwenye lango si ule unaofika kwenye rota, kwa sababu umbo lake linabadilika njiani hata nikiiondoa rota yenyewe.

Naomba mnisaidie kujua ni lipi kati ya haya ni la kawaida na lipi ni dosari ya mfano wangu. Pia naomba ushauri kuhusu kipeo kinachofaa kwa nyanda zetu, kwa sababu takwimu nilizonazo ni za kimo cha mita 10 tu.

---

Kilimatinde alijibu:

Ndugu Chamwino, umefanya vizuri kueleza vipimo vyako waziwazi, kwa sababu swali lako la kwanza linajibika kwa kalamu na karatasi, na mtu akishalijibu hivyo huielewa rota kuliko anayesubiri kompyuta imwambie.

Nguvu iliyomo katika upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi. Chukua kasi ya kwenye kitovu kama mwanzo, kisha ipanue kanuni yako kwa mfululizo kuelekea juu na kuelekea chini. Sehemu ya kwanza ya mfululizo, ambayo huongezeka juu ya kitovu na kupungua chini yake, hufutika yenyewe unapochukua wastani wa duara zima, kwa kuwa nusu ya juu na nusu ya chini zinalingana. Kinachobaki ni sehemu ya mraba. Tukikiita kipeo chako p, badiliko la wastani wa nguvu ni 3p(3p − 1)/8 likizidishwa kwa mraba wa uwiano wa nusu kipenyo cha rota kwa kimo cha kitovu. Uwiano huo kwa mtambo wako ni 63 kwa 90, yaani 0.7, na mraba wake ni 0.49. Ukiweka 0.2 utapata upungufu wa takriban asilimia 1.5. Ukiweka 0.4 utapata ongezeko la takriban asilimia 1.5. Kipeo kikiwa theluthi moja, badiliko ni sifuri. Kwa hiyo programu yako inasema kweli, na kama ingekuonyesha badiliko la asilimia 10 ndipo ungepaswa kuwa na wasiwasi.

Hoja hii ndiyo iliyo nyuma ya ule wastani wa kasi wa rota nzima ambao kiwango cha IEC 61400-12-1, toleo la mwaka 2017, kinauruhusu katika upimaji wa mitambo mikubwa: duara hukatwa vipande vya mlalo, kasi ya kila kipande hupandishwa kwenye kipeo cha tatu na kuzidishwa kwa eneo lake, kisha jumla hugawanywa kwa eneo lote na kurudishwa kwenye kasi. Nakushauri uuhesabu wastani huo kwa kila umbo la upepo utakaloiga, ili usije ukadai kwamba rota imepoteza ufanisi wakati kilichopungua ni upepo wenyewe.

Swali la pili ndilo zito zaidi, na ndilo ningependa utafiti wako ulikalie. Rota inapochukua nguvu, hewa hupungua kasi kabla ya kuifikia. Katika rota inayofanya kazi vizuri upungufu huo ni karibu theluthi moja ya upepo uliokuja. Upepo ukiwa sawa kila mahali, hakuna ubishi kuhusu upungufu huo. Kasi inapotofautiana kwa kimo, inabidi uamue: je, upungufu ni mmoja kwa pete nzima ya rota, au kila mahali kwenye pete pana upungufu wake?

Nimepiga hesabu kwa panga lako katika umbali wa mita 44 kutoka kwenye kitovu, yaani asilimia 70 ya urefu, kwa kipeo cha 0.4 na rota inayozunguka mara 9.2 kwa dakika. Mwendo wa panga mahali hapo ni takriban mita 42 kwa sekunde, upepo ni mita 9.4 panga likiwa juu na mita 6.1 likiwa chini. Ukichukua upungufu mmoja usiobadilika, wa mita 2.67 kwa sekunde, pembe ambayo hewa hulikabili panga hutofautiana kwa nyuzi 4.3 kati ya juu na chini. Ukichukua kwamba upungufu ni theluthi moja ya upepo wa mahali hapo, tofauti hushuka hadi nyuzi 2.9. Ukiacha kila nukta isawazishe momenta yake yenyewe, kwa panga lenye kigezo cha kuinua (namba ya kupimia nguvu ambayo hewa hulisukumia panga) cha takriban 1 katika hali ya kawaida, tofauti hupanda hadi karibu nyuzi 5, kwa sababu chini upepo ni mdogo huku panga likiendelea kwenda kwa kasi ileile, hivyo upungufu hukaribia nusu ya upepo. Hapo nadharia sahili ya momenta hufika mwisho wake, na ni lazima marekebisho ya Glauert, yaani kanuni inayotumika badala yake upungufu unapokuwa mkubwa, yawe yamewashwa.

Nyuzi 2.9, 4.3 na 5 zinaweza kuonekana kama tofauti ndogo. Hata hivyo, rota inayozunguka mara 9.2 kwa dakika bila kusimama hufanya karibu mizunguko milioni 100 katika miaka 20, na nyenzo za nyuzi za kioo huhesabiwa uchovu wake kwa kupandisha mpando wa mzigo kwenye kipeo cha takriban 10. Mpando wa mzigo ukiongezeka kwa asilimia 10 tu, uharibifu huongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Ndiyo sababu siwezi kukubali mtu anaposema kwamba tofauti ya kasi kwa kimo haina umuhimu kwa vile umeme haukubadilika.

---

Ilongero alijibu:

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi na vipimo vya hali ya hewa kwa muda mrefu katika mkoa huu wa Singida, nami nitajibu kuhusu upepo wenyewe, kwa sababu naona vijana wengi huchukua kipeo kutoka kitabuni na kukitumia mwaka mzima kana kwamba upepo wa saa nane mchana na upepo wa saa nane usiku ni kitu kimoja.

Katika nyanda zetu kiangazi kina anga safi. Mchana jua huipasha ardhi joto, hewa hupanda na kushuka kwa nguvu, na kasi ya juu huchanganyika na kasi ya chini. Katika hali hiyo kipeo hushuka chini ya 0.1, na rota yako ingeona upepo unaokaribia kuwa sawa toka chini hadi juu, ingawa wenye msukosuko mwingi. Jua likizama, ardhi hupoteza joto haraka kwa kuwa hakuna mawingu ya kulizuia. Hewa ya chini hupoa na kuwa nzito, huacha kuchanganyika na ya juu, na wakati mtu aliyesimama uwanjani hasikii upepo wowote, mita 100 juu ya kichwa chake upepo unaweza kuwa unavuma vizuri kabisa. Usiku wa namna hiyo kipeo cha 0.4 ni cha kawaida. Kwa hiyo swali la kipeo gani kinafaa halina jibu la namba moja. Gawanya mwaka kwa saa na kwa majira, uwe na mgawanyo wa vipeo, kisha uuendeshe mfano wako kwa mgawanyo huo.

Takwimu za mita 10 ziheshimu kwa kile zinachoweza kusema, lakini usizipandishe hadi mita 90 kwa kipeo cha kukisia. Upepo wa mita 4 kwa sekunde katika kimo cha mita 10 unakuwa mita 5.5 ukitumia kipeo cha moja ya saba, na unakuwa mita 7.7 ukitumia 0.3. Katika nguvu, ambayo hufuata kipeo cha tatu, tofauti ya makisio hayo mawili ni karibu mara tatu. Hakuna uamuzi wa uwekezaji unaoweza kusimama juu ya msingi wa namna hiyo.

Ukipata mnara wa vipimo, weka vipima upepo mbali mbali. Kipeo hupatikana kwa kugawa logarithimu ya uwiano wa kasi kwa logarithimu ya uwiano wa vimo. Vipima viwili vikiwa mita 40 na mita 80, kosa la asilimia 1 katika uwiano wa kasi hukupa kosa la takriban 0.014 katika kipeo. Vikiwa mita 40 na mita 50, kosa hilohilo hukupa takriban 0.045, na kwa kipeo cha moja ya saba hicho ni karibu thuluthi ya jibu lenyewe.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo mifano iliyotayarishwa Ulaya huyaleta kimyakimya. La kwanza ni densiti ya hewa. Thamani ya kilo 1.225 kwa mita ya ujazo ni ya usawa wa bahari kwa nyuzi joto 15. Mji wa Singida uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kwa joto la nyuzi 22 densiti huko ni karibu kilo 1.0; ya Dodoma, iliyo karibu mita 1,120, ni takriban 1.04. Kwa Singida hiyo ni asilimia 18 ya nguvu inayotoweka kabla hujagusa kipeo, na ule upepo wa mita 11.4 wa kufikia nguvu kamili husogea hadi mita 12.2. Hakikisha namba hiyo imebadilishwa katika faili lako la kuanzia.

La pili ni mzunguko wa dunia. Singida iko karibu nyuzi 4.8 kusini mwa ikweta, na kigezo cha Coriolis, yaani kipimo cha nguvu ya mzunguko wa dunia inayopindisha mwendo wa hewa, hapo ni takriban moja ya kumi ya kile cha Denmark. Nadharia ya Blackadar ya mwaka 1957, ambayo hueleza mkondo wa kasi wa usiku kwa mzunguko wa hewa uliosababishwa na nguvu hiyo, huko kaskazini hukamilisha mzunguko wake kwa saa zisizofika 15; kwetu mzunguko huo ungehitaji karibu siku sita, usiku ukiwa umekwisha zamani. Ukiona mkondo wa kasi wa usiku katika nyanda hizi, tafuta sababu yake kwenye miteremko na kingo za Bonde la Ufa kwanza. Tena huku kusini, pale nguvu hiyo inapofanya kazi, upepo hugeuka kinyume na mwendo wa saa kadiri unavyopanda, ilhali kaskazini hugeuka kwa mwendo wa saa. Mfano ulionakiliwa bila kubadilisha alama hiyo utaipindua rota yako upande usio wake.

---

Chamwino aliandika tena:

Nawashukuru sana. Mwalimu Ilongero, densiti niliyokuwa nayo ilikuwa ile ya usawa wa bahari iliyokuja na mfano wa rejea, nami nimeibadilisha kuwa 1.0. Ndugu Kilimatinde, nimepitia hesabu yako ya mfululizo na inalingana na nilichopata kwenye OpenFAST.

Naomba sasa tuingie kwenye suala la OpenFOAM. Ninaingiza umbo la upepo lenye kipeo cha 0.4, ninatumia mfano wa msukosuko wa k-epsilon (unaofuatilia nishati ya msukosuko na kasi ya kupotea kwake) bila joto, na sakafu nimeipa mparuzo, yaani ukwaruzo wa uso, wa ardhi yenye nyasi na vichaka. Baada ya kilomita moja na nusu ya gridi tupu, kasi ya karibu na ardhi imeongezeka na umbo lote limelegea. Je, tatizo ni gridi, au ni masharti ya mipaka?

---

Mpwapwa alijibu:

Ndugu Chamwino, gridi haina hatia. Umeitaka hewa ya mfano wako ishike umbo ambalo fizikia uliyoipa hairuhusu lidumu.

Hewa isiyo na athari ya joto, ikisafiri juu ya ardhi tambarare kwa umbali wa kutosha, hujipanga katika umbo la logarithimu, ambamo kitu pekee kinachoamua ukali wa badiliko la kasi ni kimo cha mparuzo wa ardhi. Kipeo kinacholingana na umbo hilo kwenye kimo chochote ni moja gawanya kwa logarithimu asilia ya uwiano wa kimo hicho kwa kimo cha mparuzo. Sasa ligeuze swali: ili upate kipeo cha 0.143 kwenye mita 90, unahitaji mparuzo wa takriban sentimita 8, ambao ni wa mbuga yenye vichaka vya hapa na pale. Ili upate 0.2, unahitaji takriban sentimita 60, ambao ni wa msitu au mji mdogo. Ili upate 0.4, unahitaji mita 7.4, na hakuna ardhi ya namna hiyo kati ya Manyoni na Singida, hata ukihesabu majabali yote ya mjini Singida. Kipeo cha 0.4 huletwa na ubaridi wa hewa ya chini wakati wa usiku, jambo ambalo Mwalimu Ilongero amekwisha kulieleza, na kama hakuna joto ndani ya mfano wako hakuna kitu cha kukishikilia. Hewa yako inafanya kile ambacho milinganyo inaiamuru: inarudi kwenye umbo la ardhi uliyoichora.

Una njia mbili za kuaminika. Ya kwanza ni kuiga hali ya mchana au ya wastani tu, kwa umbo la logarithimu, na kuhakikisha kwamba lango, sakafu, dari na mfano wa msukosuko vyote vinakubaliana. Richards na Hoxey walieleza masharti hayo mwaka 1993 na bado ndiyo yanayotumika. Kwa mfano, upepo wa mita 8 kwenye mita 90 juu ya mparuzo wa sentimita 10 hukupa kasi ya msuguano ya takriban mita 0.47 kwa sekunde, na nishati ya msukosuko ya takriban 0.74 kwa vipimo vya mita mraba kwa sekunde mraba, thamani ileile kuanzia sakafuni hadi darini. Dari nayo lazima ivutwe kwa msuguano huohuo; ukiiacha huru, umbo litaanza kuharibika kutokea juu. Kwenye sakafu tumia kanuni ya ukuta ya OpenFOAM inayopokea kimo cha mparuzo moja kwa moja, ile iitwayo nutkAtmRoughWallFunction, kwa sababu kanuni za ukuta za kawaida hutumia kipimo cha chembe za mchanga ambacho ni mara 20 hadi 30 ya kimo hicho, na kwa mparuzo wa sentimita 10 zitakulazimisha uwe na seli ya kwanza yenye unene wa mita kadhaa.

Ya pili, ambayo ndiyo unayoihitaji kwa usiku, ni kuongeza mlinganyo wa joto na nguvu ya uzito wa hewa baridi, kisha kuiacha hewa ijipange yenyewe katika eneo refu kabla ya kuifikisha kwenye rota. Ni kazi ghali kwa kompyuta. Wapo wanaoepuka gharama hiyo kwa kuweka nguvu za kubuni ndani ya hewa ili umbo lishikiliwe kwa lazima. Hilo linakubalika ukitaka kujua mzigo wa panga pekee, lakini usilitumie kuhukumu hewa ya nyuma ya rota, kwa sababu nguvu hizo zitaendelea kuisukuma hewa hiyo mahali ambapo asili isingeisukuma.

Kuhusu mistari ya nguvu, angalia upana wa kutandaza nguvu, yaani umbali ambao nguvu ya mstari husambazwa kwenye seli za gridi. Mbinu hiyo, tuliyoipata kwa Sørensen na Shen mwaka 2002, huhitaji upana usiopungua seli mbili ili hesabu isiyumbe. Ukiwa na seli za mita 2, upana ni mita 4, na panga lako karibu na ncha ni jembamba kuliko hapo. Matokeo yake ni kwamba mzigo wa ncha huzidishwa. Sehemu ya tofauti unayoiona kati ya programu zako mbili inatoka hapo, na haihusiani kabisa na kasi kubadilika kwa kimo. Vilevile ncha isivuke zaidi ya seli moja kwa hatua moja ya muda. Kwa mwendo wa ncha wa mita 60 kwa sekunde, hatua isizidi sekunde 0.033.

---

Kilimatinde alijibu:

Nakubaliana na Mpwapwa, na ningependa kumalizia lile suala la upungufu wa kasi, kwa sababu kuna mtego ndani yake ambao huwapata hata wenye uzoefu.

Hewa ya nyuma ya rota haibadiliki papo hapo mzigo unapobadilika. Huchukua muda unaokaribiana na nusu kipenyo kugawanywa kwa kasi ya upepo, ambao kwako ni takriban sekunde 8. Programu nyingi huuwakilisha uzito huo wa hewa kubadilika kwa kichujio kinachochelewesha upungufu wa kasi. Mzunguko mmoja wa rota yako huchukua sekunde 6.5. Kwa hiyo kichujio kikifungwa kwenye panga na kuzunguka nalo, kitaona upungufu ukipanda na kushuka kila baada ya sekunde 6.5, kitaudhania kuwa badiliko la haraka, nacho kitaufuta sehemu kubwa na kuuchelewesha.

Lakini tazama jambo hilo ukiwa umesimama chini. Umbo la upepo wako limetulia. Mahali palipo juu ya kitovu panaona upepo mkubwa saa zote, na mahali palipo chini panaona upepo mdogo saa zote. Kila mahali hewa imekwisha kupata muda wote inaouhitaji ili itulie katika upungufu wake. Panga ndilo linalopita kutoka mahali pamoja hadi pengine. Hivyo hakuna kitu cha kuchelewesha, na kichujio kinachozunguka na panga kinaondoa jambo ambalo lipo kweli. Kwa sababu hiyo wataalamu wa DTU, chuo kikuu cha ufundi huko Denmark, katika programu yao ya HAWC2, huhesabu upungufu kwenye nukta zilizotulia, zilizopangwa kwa mviringo, na panga huchukua thamani ya nukta linazopitia. Soma mwongozo wa toleo la programu unalolitumia ujue kichujio chake kimefungwa wapi, na endesha mfano wako mara moja kikiwa kimewashwa na mara moja kikiwa kimezimwa.

Ili upate mwamuzi wa tatu, tumia mbinu ya vizingia huru, yaani mizunguko ya hewa inayoachwa na mapanga, ambamo hewa ya nyuma hufuatiliwa uzi kwa uzi na upungufu hujitokeza wenyewe bila mtu kuamua ni wa pete au wa nukta. OpenFAST inayo sehemu hiyo, iitwayo OLAF, na QBlade, inayotolewa bure, inayo pia. Ni nzito kuliko nadharia ya momenta lakini nyepesi mno ukilinganisha na OpenFOAM.

Kabla ya kulinganisha chochote, ondoa kila kitu kingine kinachozalisha mpando wa mara moja kwa mzunguko. Mtambo wa rejea una mwinamo wa rota wa nyuzi 5 na mapanga yaliyotegwa nyuzi 2.5 (yaani yameinamishwa kama koni), na mnara wake huzuia upepo ulio mbele yake, pale panga la chini linapopita. Weka mwinamo sifuri, mtego sifuri, athari ya mnara izimwe, mapanga yawe magumu yasiyopinda, mwendo wa rota uwe mmoja, na kipeo kiwe sifuri. Mzigo wa kupinda kuelekea nyuma unapaswa kuwa mstari ulionyooka. Usipokuwa hivyo, tafuta kilichobaki kabla hujaendelea. Uzito wa panga usikuchanganye, kwa maana huo hulipinda panga ndani ya uso wa mzunguko na utaonekana kwenye mhimili mwingine.

Kisha rudisha kipeo cha 0.4 na uchore pembe ya hewa katika mita 44 dhidi ya nafasi ya panga kwenye mzunguko, kwa mbinu zote tatu katika mchoro mmoja. Angalia ukubwa wa mpando, lakini angalia zaidi kilele kiko wapi. Katika upepo uliotulia, kilele kinapaswa kuwa karibu sana na pale panga linapokuwa wima juu. Kikiwa kimesogea nyuzi nyingi mbele au nyuma katika nadharia ya momenta, wakati katika vizingia huru hakijasogea, kichujio chako kinazunguka na panga, na hapo utakuwa umeipata sehemu ya pili ya tofauti yako. Ukiupata mchoro huo uweke hapa tuusome pamoja, pamoja na thamani za densiti na mwendo wa rota ulizotumia.